Laptopu mpya imejaza harufu ndani, na shombo halitoki hata nikisugua

BARUA

Fundi, habari za kazi. Nakusoma siku nyingi ila kuandika ndiyo leo. Naomba unisaidie, maana nyumba yangu imegawanyika kwa ajili ya harufu.

Ninaishi Mbagala, tumepanga chumba na sebule. Kazi yangu ni samaki. Alfajiri niko Feri, mchana naparua na kutia viungo, jioni nakaanga barazani na wateja wananikuta hapo hapo. Ndani tupo watano: mimi na mume wangu, binti yangu mkubwa aliyeanza chuo mwaka huu, kijana wangu wa miaka sita mwenye pumu, na mama mkwe aliyekuja kutoka Kilwa kutibiwa macho.

Binti alipopata chuo aliambiwa lazima awe na laptopu. Mimi nacheza mchezo na kina mama wenzangu wa Feri. Zamu yangu ilipofika nikazipokea zile fedha, nikaongezea akiba, tukaingia Kariakoo. Laptopu tulichukua mpya, imo ndani ya boksi lake, laki saba na nusu. Duka la pili tukachukua begi lake la ngozi bandia, kava laini la kufunika vitufe, mausi na kile kipande cha mpira cha kuitembezea. Tulipotoka nje, kijana mmoja aliyepanga bidhaa zake chini akatuuzia ekstensheni ya matundu manne kwa elfu nane, kwa sababu sebuleni kwetu kuna soketi moja tu ya ukutani.

Siku ya kufungua boksi tulifurahi mno. Harufu nayo ikatoka hapo hapo, kama rangi mbichi iliyochanganywa na gundi ya fundi viatu. Mume wangu akasema hiyo ndiyo harufu ya upya, iacheni, itaondoka. Leo ni wiki ya tatu. Binti anasoma usiku pale sebuleni, na dirisha letu halina wavu, kwa hiyo tunalifunga kwa ajili ya mbu. Laptopu ikishapata moto harufu inazidi. Anasema kichwa kinamgonga na macho yanamwasha. Mdogo wake analala hapo hapo sebuleni, na wiki hizi mbili ametumia pampu yake ya pumu kuliko mwezi mzima uliopita. Boksi na yale maboya yake meupe sikuyatupa, nimeyahifadhi chini ya kitanda cha kijana kwa ajili ya waranti.

Nimejaribu mengi. Jirani aliniambia nikate kitunguu niweke mezani, nikaweka siku tatu. Mwingine akasema kahawa ya unga. Marashi nimepulizia ndani ya begi, ikawa mbaya zaidi, sasa kuna harufu mbili. Binti alitaka kupulizia kwenye matundu ya laptopu yenyewe nikamkataza, sijui kama nilikosea. Mama mkwe kila magharibi anafukiza udi na ubani chumba kizima, na moshi ukishakaa kijana anaanza kukohoa.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa aibu. Sebuleni kunanuka shombo. Mimi ni muuza samaki, najua nyumba yangu haiwezi kunukia waridi, lakini sikaangi ndani na vyombo vya samaki havilali ndani. Nimesugua sakafu kwa sabuni na ndimu mara nne, halitoki. Linakuja jioni, zaidi tukishachemsha chai ya mama kwenye birika la umeme, na hata Jumatatu ambayo siendi Feri lipo. Juzi umeme ulikatika usiku kucha, hatukulisikia kabisa, tukadhani limeisha. Kesho yake likarudi. Mama mkwe, ambaye macho yake yamepungua nguvu, ndiye aliyelisema wa kwanza. Alinyoosha mkono kwenye kona ya meza ya binti akasema, "Samaki huyu hajavuliwa baharini." Anaamini kuna kitu kibaya kimeingia na hiyo mashine. Mume wangu anasema ni mimi tu na ndoo zangu. Hata kile kitaa chekundu cha ekstensheni siku hizi kinapepesa, na mama anasema ni dalili.

Sasa naomba uniambie, harufu ya laptopu ni sumu au si sumu? Niirudishe? Mama anataka itoke nje, mume wangu anataka tuvumilie, binti ana kazi za chuo za kukusanya, na mimi nimewekeza mchezo wangu wote humo.

Mama Samaki, Mbagala

JIBU

Dada yangu Mama Samaki,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliiweka laptopu pembeni nikarudi kwenye yale uliyoyaandika kwa aibu. Tuanzie hapo, na ninakuomba usiendelee kusoma kabla hujafanya jambo moja: ichomoe ile ekstensheni ukutani. Zima kwanza swichi ya soketi. Ukigusa plagi ukakuta ina moto, zima meni swichi ya nyumba, iache ipoe, ndipo uichomoe. Baada ya hapo isitumike tena kwa kitu chochote, hata kuchaji simu.

Shombo lenu ni la umeme. Linakuja birika likiwashwa, linatoweka umeme ukikatika, na kitaa kinapepesa. Hizo dalili tatu zikikaa pamoja, mimi sihitaji kuiona nyumba. Ndani ya hiyo ekstensheni, au kwenye plagi yake, kuna mahali panaungua polepole.

Nikueleze kwa nini kunanuka samaki, maana wewe ndiye utakayeielewa vizuri kuliko wasomaji wengine wote. Shombo la samaki linatokana na kemikali iitwayo trimethilamini, mmoja wa ukoo mkubwa wa kemikali zinazoitwa amini. Unapopaka ndimu, ile asidi yake huzishika amini zisiruke hewani, na shombo likakatika. Sasa baadhi ya plastiki ngumu zinazotengenezewa soketi, plagi na swichi zimeundwa kwa malighafi zenye naitrojeni. Zikipata joto kupita kiasi huanza kuvunjika na kutoa gesi za ukoo ule ule. Pua ya mtu inasikia samaki, kumbe ni plastiki. Fundi umeme mzoefu akiitwa kwenye nyumba inayonuka samaki asiyeonekana, anaanza na soketi ndipo aulize habari za jikoni. Sakafu yako haikuwa na kosa lolote, na ndimu zako zimekwenda bure.

Kwa nini birika? Birika la umeme la kawaida linakula wati 2,000 hivi. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo ni karibu ampea 9 za mkondo, yaani umeme unaopita kwenye waya. Chaja ya laptopu ya wati 65 haifiki hata nusu ampea. Waya wa ekstensheni wenye shaba ya unene wa milimita za mraba 0.75 unastahili kubeba ampea 6 tu; ili kubeba ampea 13 kwa usalama unahitaji angalau milimita za mraba 1.25. Ekstensheni za bei ya chini sana mara nyingi zina waya mwembamba kuliko hata huo wa 0.75, na nyingine ndani si shaba bali ni alumini au chuma kilichopakwa shaba juu. Ongeza na vile vibati vya ndani ya matundu vilivyolegea, visivyoishika miguu ya plagi sawasawa. Pale palipolegea ndipo joto linapojikusanya, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kitaa kinapepesa kwa sababu mgusano unakatika na kurudi.

Ikishapoa, iangalie mchana kwenye mwanga. Ukiona tundu lenye rangi ya kahawia, plastiki iliyojikunja, au mguu wa plagi uliobadilika rangi, umempata. Lakini hata usipoona kitu usirudi nyuma, kwa sababu kuungua huanzia ndani. Usimpe mtu, na usiitupe ikiwa nzima. Kata waya wake vipande viwili, maana mtaani kwetu kitu chenye waya mzima hakikai jalalani nusu saa, na kitaenda kuunguza nyumba ya mwenzako. Angalia pia soketi yenu ya ukutani. Kama nayo ina doa la kahawia au imelegea, mwite fundi umeme aibadilishe na mwambie mwenye nyumba. Na siku yoyote mkiona moshi ukitoka kwenye soketi, mkono wa kwanza uende kwenye meni swichi, watoto watoke nje, na Zimamoto wapigiwe kwa 114. Maji yasimwagwe kwenye kitu chenye umeme.

Ekstensheni mpya inunue kwenye duka linalotoa risiti. Ishike mkononi: nzuri ina uzito. Ubavuni mwa waya huwa pameandikwa unene wake, tafuta 1.25 au 1.5. Iwe na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na plagi yake ya miguu mitatu ya bapa iwe na fyuzi ndani. Itakugharimu zaidi ya elfu nane, nalijua hilo, na ninajua ni samaki wangapi. Hapa sitakuambia ubane.

Sasa turudi kwenye laptopu.

Mume wako ana nusu ya ukweli. Kitu kipya cha umeme hutoa harufu kwa sababu kimeundwa kwa gundi, rangi, plastiki, na vibao vya saketi vilivyopitishwa kwenye dawa za kulehemu. Kila kimoja hubaki na kemikali nyepesi zinazoendelea kuruka hewani baada ya kutoka kiwandani. Joto huziharakisha, ndiyo maana inanuka zaidi binti akishafanya kazi saa nzima. Boksi lililofungwa limesafiri miezi kwenye kontena na stoo, yote yakajikusanya humo, mkafungua siku moja. Kwa kawaida harufu ya kifaa chenyewe hupungua sana ndani ya siku chache hadi wiki mbili tatu za matumizi mahali penye hewa.

Nusu aliyoikosa ni hii: kwenu hakuna hewa. Dirisha limefungwa, kifaa kinapashwa moto usiku, na kinachotoka kinarudi kwenye mapafu yenu. Kwa hali hiyo hata miezi mitatu haitoshi.

Tena, mimi siamini kwamba mkosaji ni laptopu. Ningekuwa mtu wa kuweka dau ningeweka kwenye begi. Mwaka 2013 kampuni ya Dell ilipata malalamiko mengi kwamba laptopu yake mpya aina ya Latitude 6430u inanuka mkojo wa paka. Watu walisafisha vitufe, wengine wakawashuku paka wao wenyewe. Kampuni ilipochunguza ilisema hakuna mkojo wala uchafu wa mnyama, na kwamba haina madhara kiafya. Tatizo lilikuwa njia iliyotumika kutengeneza kile kipande cha mbele mtu anapolaza viganja. Wakakibadilisha kipande hicho. Mashine nzima ilionekana mbaya, kumbe kosa ni la kipande kimoja. Nimekaa kwenye meza ya ufundi miaka mingi na hivyo ndivyo ninavyoona mara nyingi: watu wanailaumu mashine ya laki saba, kosa liko kwenye kitu cha elfu tano kilicholala juu yake.

Mtafute mkosaji hivi. Chukua ndoo tatu zenye mifuniko, zilizo safi, na zisiwe zile za samaki. Moja tia begi, ya pili kava la vitufe, ya tatu kipande cha mpira pamoja na mausi. Laptopu izimwe, ipoe kabisa, uilaze kwenye beseni safi na kuifunika kwa kanga iliyofuliwa bila manukato. Viache usiku mzima. Asubuhi asinuse mtu aliyelala sebuleni, wala wewe uliyetoka Feri. Pua ikikaa na harufu huizoea ikaacha kuisikia, na hiyo ndiyo sababu shombo la umeme lilipita mbele yako wiki nzima ukijishuku mwenyewe. Mpe mama mkwe anuse. Mfunulie ndoo moja moja, katikati apumzike nje dakika mbili. Atakuonyesha.

Likiwa ni begi, kama ninavyodhani, basi ujue limeunganishwa kwa sponji, gundi na plastiki laini. Litoe kila kitu, ligeuze ndani nje, lifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya vyombo kidogo, halafu lianike nje. Saa moja au mbili juani linasaidia kufukuza harufu, kisha lihamishie kivulini penye upepo, siku tano hadi wiki. Jua la siku nyingi mfululizo litalipasua. Kwa unyevu wa pwani yetu hakikisha limekauka mpaka kwenye mishono, la sivyo litaota ukungu na utakuwa na tatizo jipya. Baada ya wiki likiwa bado linanuka, liache. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani akushonee mfuko wa turubai au wa jinzi wenye sponji katikati. Utamlinda binti na mashine vilevile.

Kava la vitufe lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke siku nzima kabla ya kurudishwa. Mimi ningelitoa kabisa kwa sasa. Linaziba joto lisitoke kupitia vitufe na linapashwa moto kutoka chini, kwa hiyo linatoa harufu yake mwenyewe mbele ya pua ya msomaji. Kipande cha mpira hunuka kwa sababu mpira hukomazwa kwa salfa na dawa nyingine. Kioshe, kianike kivulini, na ikishindikana tumieni gazeti lililokunjwa. Mausi haina shida.

Laptopu yenyewe usiioshe, usiianike juani, na ulifanya vyema sana kumkataza binti kupulizia marashi kwenye matundu. Marashi mengi yana alkoholi inayoshika moto, na mafuta yake yakitua ndani yananasa vumbi kwenye feni. Inachohitaji ni kufanya kazi nyingi mchana mahali pa wazi. Kwa wiki moja binti asomee barazani asubuhi, kivulini, kabla hujawasha jiko lako. Akiwa hana kazi aiache imewaka hapo hapo chini ya uangalizi, iendelee kutoa. Usiku ikizimwa isilale karibu na kitanda cha kijana. Na tafuteni wavu wa dirisha; mita mbili za neti na misumari midogo zitawafaa kuliko dawa yoyote nitakayokutajia. Kama mna feni, ielekezeni dirishani isukume hewa nje.

Boksi na yale maboya meupe yatoke chini ya kitanda cha mtoto leo. Umemwekea mtu mwenye pumu ghala la ile harufu chini ya godoro. Waranti inataka risiti na namba iliyo kwenye boksi. Boksi likikaa juu ya kabati la chumbani kwenu, likiwa wazi, linatosha.

Kitunguu hakifanyi kitu, kinaongeza harufu yake tu. Kahawa inafunika. Mkaa unasaidia kidogo: vipande vya mkaa usiowashwa, kwenye soksi safi, ndani ya begi lililofungwa, siku kadhaa. Ule mkaa amilifu unaouzwa kwa kazi hiyo una nguvu zaidi kwa sababu gramu yake moja ina vitundu vyenye uso unaozidi mita za mraba 500, na humo ndimo harufu inaponasa. Wetu wa gunia haufiki huko. Narudia neno usiowashwa: jiko la mkaa lenye moto halilali ndani, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu waliolala.

Hapo nimegusa swali lako kubwa, la sumu. Pua haipimi sumu. Kuna kemikali za salfa tunazisikia zikiwa chache mno hewani bila kutudhuru, na kuna gesi kama hiyo ya mkaa ambayo hatuisikii kabisa. Mwaka 2000 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba monita za kompyuta za wakati ule zilikuwa zinatoa hewani kemikali ya kuzuia moto iitwayo trifenili fosfeti, inayoweza kuleta mzio kwa baadhi ya watu, na kwamba kiasi chake kilipungua kadiri siku za matumizi zilivyoongezeka. Vilainishi vinne vya plastiki vya jamii ya fthaleti, ambavyo Umoja wa Ulaya umeviwekea kikomo cha asilimia 0.1 kwenye vifaa vya umeme tangu Julai 2019, karibu havina harufu. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwa harufu tu kwamba kitu ni salama au ni hatari. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kichwa cha binti na macho yake yanayowasha ni dalili za kawaida za hewa iliyojaa kemikali hizi nyepesi, na kwa watu wengi huondoka mtu akipata hewa safi. Zisipoondoka akiwa nje, apelekwe kituo cha afya.

Kijana ni habari nyingine. Mtoto wa pumu anayeongeza pampu apelekwe kliniki wiki hii, hata kama harufu itapungua kesho. Na nikuambie kwa upendo: laptopu haikuwa peke yake. Moshi wa udi na ubani ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuamsha pumu, na marashi vilevile, na moshi wa mafuta ya kukaangia ukiingia kwa mlango wa baraza. Hata plastiki iliyokuwa inaungua kwenye ekstensheni imekuwa ikimfikia. Mwombeni mama udi wake afukizie nje, au siku ambazo mtoto hayupo. Wewe ukikaanga, funga mlango wa sebule au sogeza jiko upande ambao upepo unatoka nyumbani.

Kuirudisha? Bado. Fanya haya kwa siku 10. Kama laptopu peke yake, bila begi wala kava, bado inanuka vikali, irudishe dukani na risiti, ukadai ikaguliwe kwa waranti. Ila zipo harufu mbili ambazo hazisubiri hata siku moja. Ya kwanza ni ya kuungua, au ya ukali unaochoma pua kama siki. Ya pili ni tamu, kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ikitoka kwenye laptopu, simu au pawabenki. Hiyo ni betri inayovuja. Mara nyingi utaona na kifaa kimevimba au vitufe vimeinuka. Kizime, usikichaji, kitoe nje mbali na vitu vinavyowaka, usikitoboe, kisha kwa fundi. Aliyekuuzia bidhaa bandia unaweza kumfikisha Tume ya Ushindani, ndiyo yenye dhamana hiyo, lakini bila risiti utapata shida kuthibitisha.

Mume wako mwonyeshe barua hii, hasa pale palipoandikwa birika, na umwambie akuombe radhi kwa ajili ya ndoo. Mama naye mwambie alikuwa sahihi: samaki yule hakuvuliwa baharini, na alinyoosha mkono mahali penyewe wakati sisi wenye macho tulikuwa tunasugua sakafu. Mpaka fundi umeme aipitie ile soketi ya ukutani, chai yake ya jioni ichemshwe kwenye jiko lako la barazani.